Ukuta Ulionyimwa Usingizi

Nilipewa saa ya mkononi, biki mbili na rundo la karatasi lililobanwa kwenye kibao, nikaambiwa nikae juu ya jiwe nitazame watu wakijenga shule. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu pale Lweba. Nimefanya kazi nyingi katika maisha yangu. Nimechimba dhahabu upande wa Lulimba, nimeuza mafuta ya mawese Kalemie, nimefundisha darasa la tatu kwa mwaka mmoja ambao sikuumaliza, nimekaa kambini ng'ambo ya ziwa, nimerudi, nimeondoka tena. Lakini kabla ya hapo hakuna aliyewahi kunipa kazi ya kutazama.

Aliyenipa ni dada mmoja wa Bukavu, aliyekuwa anamaliza masomo ya chuo juu ya uongozi na uchumi wa kazi za ujenzi. Alikuwa na swali moja tu. Kwa nini huku Fizi jengo linaloahidiwa kuisha kabla ya mvua linaisha baada ya mvua mbili au tatu? Kila mtu hapa ana jibu lake: barabara mbovu, bunduki, simenti iliyokwama Uvira. Yeye alisema majibu hayo yote ni ya kweli, lakini hakuna mtu aliyewahi kukaa kwenye shantie, yaani mahali pa ujenzi, kutoka asubuhi mpaka jioni akaandika muda unakwenda wapi. Yeye mwenyewe alitazama kituo cha afya kilichokuwa kinajengwa Baraka mjini. Kwa Lweba alihitaji mtu mwenye mwandiko unaosomeka, aliyemaliza sekondari, na asiye na haraka. Vitu viwili vya kwanza nilikuwa navyo. Cha tatu nilidanganya.

Kazi ilikuwa hivi. Kila robo saa nilitakiwa kuinua macho, kumwangalia kila mtu aliyekuwa kazini, na kuandika herufi moja mbele ya namba yake. K kama anafanya kazi. B kama anabeba kitu. N kama anangoja. M kwa mengine yote: kula, kuomba, kwenda haja, kusalimiana na wapita njia, jambo ambalo kwetu si dogo.

"Usiwaambie kitu, usiwasaidie kitu," dada yule alinionya. "Ukiingiza mdomo unaharibu utafiti. Wewe ni macho tu."

Nikawa macho tu.

Shule ilikuwa ya vyumba vitatu. Matofali yalichomwa hapo hapo, nyuma ya kanisa. Simenti ilikuwa chache, kwa hiyo iliwekwa kwenye msingi, kwenye pembe na kwenye viungo vya upande wa nje. Kati ya tofali na tofali palipakwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, jinsi wazee wetu walivyojenga na jinsi nyumba nyingi za pwani hii zinavyosimama hadi leo. Kina mama wa kamati ya wazazi walileta maji ya kukandia udongo huo, ndoo kichwani, kutoka ziwani. Bila wao hakuna udongo, na bila udongo hakuna ukuta.

Msimamizi wa mafundi, kapita kama tunavyomwita, alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mfupi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alikuwa shemasi katika kanisa lake na alikaa hatua chache kutoka pale tulipokuwa tunajenga. Sikumsikia akipiga kelele hata siku moja. Akitaka fundi arekebishe kitu, alikwenda kusimama karibu naye, akalitazama tofali, basi. Fundi alilitoa mwenyewe.

Alikuwa na desturi moja. Ukuta ukifika mistari sita ya matofali kwa siku, alisimamisha. Hata kama jua bado liko juu na udongo umebaki kwenye sinia. "Inalala," alisema, na mafundi wakahamia ukuta mwingine. Na kuta zote zikiwa zimeshapata sita zake, wakakaa chini. Wakaosha miko, wakavuta sigara, wakazungumza juu ya mpira. Mimi nikainua macho kila robo saa, nikaandika N, N, N, ukurasa mzima ukawa kama safu ya vigingi.

Mafundi walinizoea upesi. Mmoja wao, mrefu kuliko wote na mwenye mdomo kuliko wote, alinibatiza jina.

"Papa Saa! Nikijikuna mugongo, hiyo ni kazi ao ni mapumziko?"

"Ni M."

"M ni nini?"

"Mengine."

"Basi andika M kubwa, mugongo yangu ni mupana. Na hiyo karatasi utanipatia copie nipelekee bibi yangu, mama ya batoto yangu. Kila siku anasema sina kazi. Aone, iko imeandikwa!"

Walicheka mpaka kapita naye akatabasamu. Baadaye, wakati wa kula, alikuja na sahani yake ya ugali na dagaa akaketi karibu na jiwe langu.

"Hiyo alama ulikuwa unaandika saa hii, ni ya nini?"

"Ya kungoja, papa."

"Nani anangoja?"

"Watu. Hawana chombo mkononi."

"Na ukuta?"

"Ukuta si mtu, papa."

"Eeh." Alitafuna kwanza. "Karatasi yako haina nafasi ya ukuta."

Niliona ni utani wa mzee. Nilitazama saa, robo ilikuwa imefika, nikamwandikia M kwa sababu alikuwa anakula.

Jumamosi ya kwanza alikuja tajiri wa kazi, yule aliyepewa mkataba wa kuijenga shule. Patro, kwa lugha ya shantie. Alitoka Baraka na gari lake lenye matope mpaka kwenye vioo. Hakuwa mtu mbaya, napenda kusema hivyo. Wale wa mradi waliokuwa wanatoa fedha walimtaka akabidhi shule kabla ya mvua kubwa, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya milima. Alizunguka, akagusa ukuta, akaja mpaka kwangu, akanyoosha mkono.

Nikampa kibao.

Nimeufikiria mkono ule mara nyingi. Karatasi zile hazikuwa zake. Zilikuwa za utafiti, na dada aliniambia wazi kwamba asizione mtu. Ningeweza kusema hapana. Lakini watu wa rika langu, sisi tuliokulia kwenye vizuizi vya barabarani na kwenye mistari ya kambi, tuna ugonjwa mmoja. Mtu mwenye viatu vizuri akinyoosha mkono, tunatoa karatasi. Hatuulizi yeye ni nani. Mkono wangu ulikwenda kabla ya kichwa. Na nadhani hata leo ungekwenda.

Patro hakusoma K wala B. Kidole chake kiliteremka juu ya zile N.

"Papa kapita, hapa ni shantie ao ni kilio ya mufu? Batu banakaa tu!"

"Ukuta inalala, patro."

"Inalala? Na mi njo nalipia usingizi yake?" Akanirudishia kibao kwa adabu, kama vile nilikuwa nimemfanyia kazi nzuri. "Nikikuta hizi N tena wiki inayokuja, kuko kapita mwingine Uvira. Anangojea tu nimupigie simu."

Mtu asiye wa huku anaweza kuona ni kitisho kidogo. Kwetu kapita anayetolewa katikati ya kazi haitwi tena. Watu hawaulizi sababu. Wanasema tu "alitolewa", na neno hilo linatangulia mbele yake mpaka Nundu na mpaka Fizi kwenyewe. Mzee yule alikuwa amejenga maisha yake yote. Na angebaki pale, mlango wake ukitazama shule, akimwona mtu mwingine akiipandisha mpaka bati.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

Jumatatu asubuhi hakuna aliyekaa. Nilifikiri ni mwanzo wa wiki. Jumanne pia hakuna aliyekaa, na kufika saa nane mchana sikuwa nimeandika N hata moja. Kila mtu alikuwa na kitu mkononi au mabegani. B zilijaa, K zilijaa. Nakiri kwamba nilifurahi. Ukurasa ulikuwa mzuri kuangalia.

Kisha nikamwona yule fundi mrefu anapita mbele yangu na tofali lenye pembe iliyovunjika na doa jeusi la moshi. Baada ya muda akapita tena, anakwenda upande wa pili, na tofali lile lile. Nikayafuata kwa macho matofali mengine. Yalitoka kwenye lundo la kushoto, yakaenda lundo la kulia. Yakimaliza kwenda, yalirudi.

Mama mmoja wa ndoo, mwenyekiti wa kamati yao, alisimama nyuma yangu kupumzika.

"Papa Saa, unaandika nini pale?"

"Anabeba."

"Anabeba!" Akacheka mpaka maji yakamwagika kwenye kitenge. "Ile tafali imechoka kuliko yeye. Hata mi ninaijua sura yake."

Nilicheka naye, kisha nikaandika B. Kwa sababu alikuwa anabeba. Herufi haikuuliza anabeba kwa nini.

Hayo yalikuwa maigizo, na maigizo hayaui mtu. Jambo lenyewe lilikuwa kwenye chumba cha pili. Kapita hakuulaza ukuta tena. Ulifika mistari sita, akautazama, akanitazama mimi na kibao changu, akasema, "Tuendelee." Ukafika kumi na mbili. Siku moja ulifika kumi na tatu. Niliwahi kuwa msaidizi wa fundi kule Kalemie, naijua rangi ya udongo uliokauka na rangi ya udongo uliolemewa. Chini, kwenye mistari ya asubuhi, udongo ulikuwa bado mweusi, unatoka kidogo kidogo kati ya matofali kama uji unaotaka kumwagika. Niliona. Nilikuwa macho tu. Nilijiambia nimekatazwa kusema, na kwamba mzee anajua kuliko mimi. Ukweli ni kwamba nimezoea kuona kitu kinaharibika na kuondoka kabla hakijaanguka. Hivyo ndivyo nilivyoishi.

Jumamosi dada alikuja kuchukua karatasi. Alizisoma amesimama, uso ukamng'aa.

"Unaona? Juma la kwanza, na hili! Hatujabadilisha mshahara, hatujaleta mashine. Kuhesabu tu, kazi imepanda hivi!"

Alikuwa kijana, alikuwa amesafiri barabara mbaya, alikuwa amepata alichokitafuta. Sikuweza kumwambia. Hapana, niandike sawasawa: niliweza, sikumwambia.

Jumapili mvua ilinyesha tangu ibada mpaka jioni. Jumatatu nilipofika, kapita alikuwa amesimama peke yake mbele ya ukuta wa chumba cha pili, timazi mkononi, ule uzi wenye risasi ya kupimia unyoofu. Uzi ulining'inia wima. Ukuta haukuufuata. Katikati ulikuwa umetoka nje upana wa kiganja.

"Imetoa tumbo," alisema. Kisha akawaambia mafundi waliokuwa wanafika, kwa sauti yake ile ile, "Mutu asipite chini yake."

Jumanne walikusanyika wote pale: patro, dada wa Bukavu aliyekuja na pikipiki, mama mwenyekiti, mafundi. Patro hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nani alijenga hii?"

"Mimi," kapita akajibu.

"Mistari ngapi kwa siku?"

"Kumi na mbili. Siku moja kumi na tatu."

"Na unajua inapashwa kuwa sita."

"Ninajua."

"Sasa juu ya nini ulifanya vile?"

Nilimtazama mzee nikingoja aseme: kwa sababu yako, kwa sababu ya karatasi. Hakusema. Nilielewa kwamba kwake kujitetea kwa makosa ya mtu mwingine ilikuwa sawa na kuomba, naye hakuwa mwombaji.

Patro akamgeukia dada. "Mademwazeli, wewe uko na makaratasi. Inaonyesha kila siku nani alifanya nini. Unipatie nitume kwa bale ba mradi, baone ni kapita njo aliharibu. Na yule wa Uvira nitamuita leo."

Dada alifungua mkoba wake. Nilimwona anatafuta folda ya juma la pili, ile aliyoifurahia.

"Hizo karatasi ni za uongo," nilisema.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilikuwa nimeamka asubuhi ile na begi langu limefungwa, nikiwa na mpango wa kupanda gari la Uvira mambo yakiwa mabaya.

"Uongo gani?" dada akauliza.

"Hawakuwa wanafanya kazi vile. Walikuwa wanahamisha matofali kutoka lundo hili kwenda lile, ili mimi niandike. Kwa sababu nilimpa patro karatasi za juma la kwanza, akahesabu N. Kapita aliacha kulaza ukuta kwa ajili ya N zangu."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumanne ya juma lile."

"Na Jumamosi ukaniacha nifurahi?"

"Ndiyo."

Fundi mrefu alikohoa. "Mademwazeli, ni kweli. Kuko tafali moja nilibeba mpaka nikaizoea kama mutoto wangu. Nilikuwa nataka kuipa jina."

Hakuna aliyecheka. Dada alikaa juu ya lundo la mchanga. Nilijua alichokuwa anakiona: safari zote zile, miezi ya kuandika, na nusu ya kazi yake haina maana. Kisha akasimama, akamwambia kapita, "Papa, nikuombe ile timazi yako." Akaenda nayo chumba cha kwanza, sisi nyuma yake. Mzee alimshikia uzi kwenye ukuta uliojengwa juma la kwanza. Risasi ilitulia. Kati ya uzi na ukuta nafasi ilikuwa moja, juu mpaka chini.

"Huu nao uliipata mvua ile ile," dada alisema. Alimfungulia patro folda ya kwanza. "Huu umejengwa kwenye hizi N. Ule mwingine umejengwa pasipo hata moja. Ukituma karatasi, utatuma zote mbili."

Patro aliziangalia muda mrefu. Ni mama mwenyekiti aliyemaliza mambo. Alikuwa ameweka ndoo yake chini tangu mwanzo.

"Mi sijue kusoma ma-N yenu," alisema. "Ninajua batoto betu njo batakaa ndani. Muite wa Uvira, na yeye akuje na maji yake. Sisi bamama kwa kapita mwingine hatuchote."

"Mama, usikuwe hivyo."

"Niko hivi."

Patro aliangalia ziwa, akaangalia ndoo, akapangusa uso. "Abaki," akasema. "Lakini ibomolewe leo."

Kapita alitikisa kichwa kukubali, kisha akanyoosha kidole kwenye kibao changu. "Mi nitabaki. Lakini kile kibao kitoke hapa. Mademwazeli akitaka kujua, akuje jioni aniulize. Nitamwambia yote, hata makosa."

Ndivyo kazi yangu ilivyoisha. Nilimrudishia dada vitu vyake. Hakunikasirikia kwa kelele.

"Nilikukataza kusema ili usiwavuruge," aliniambia. "Sikukukataza kusema ukuta unaanguka."

Aliandika kitu nyuma ya karatasi moja, akaniambia itabidi swali lake aligeuze: si muda unapotea wapi tena, ila ni nani anayesema umepotea. Sijui kama walimu wake walilikubali. Natumaini walilikubali.

Begi lilikuwa limefungwa, na magari ya Uvira yalikuwa yanapita. Sikuondoka. Nilikunja suruali nikaingia kwenye mstari wa kubomoa. Tulishusha ukuta tofali kwa tofali, kutoka juu, na kila moja tulilikwangua udongo kwa panga la zamani ili litumike tena. Hiyo ni kazi ya kuchosha, na hakuna mtu anayeisifu, kwa sababu mwisho wa siku kitu kimepungua. Siku ya kwanza kapita hakuzungumza nami. Siku ya pili alikuja kukwangua karibu yangu.

"We uko wa wapi kabisa?"

"Wa hapa, papa. Nilizaliwa huku juu, upande wa Fizi."

"Na unakaa wapi?"

Nikamtajia miji. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikukuuliza ulipita wapi," alisema, akachukua tofali lingine.

Siku ya kuanza upya patro alikuja mapema, akabaki. Nadhani alitaka kuona kwa macho yake. Udongo ulikuwa mzuri, maji yalifika, mafundi walikuwa na hamu, na kabla ya saa saba mchana mstari wa sita ulikuwa umekamilika. Jua lilikuwa kali, siku nzuri ya kujenga kuliko zote za juma lile. Kuta nyingine zote zilikuwa zimeshapata zao.

Kapita aliweka timazi, akairudisha mfukoni. Akaenda kwenye ndoo, akaosha mwiko wake, taratibu, upande huu na upande huu. Mafundi wote waliacha kazi. Hakuna aliyekuwa akimtazama mzee. Tulikuwa tunamtazama patro.

Patro aliangalia mlima, kule mawingu yalikokuwa. Kisha akavuta tofali moja kutoka kwenye lundo, akaliweka kivulini, akaketi juu yake kama sisi wengine.

"Inalala mpaka saa ngapi?" akauliza.

"Mpaka kesho," kapita alisema.